Siku ya Jembe

"Mama, tutalala mara ngapi?"

Kitindamimba wangu ana miaka mitatu. Hajui Jumatatu wala Ijumaa. Anachojua ni kulala na kuamka. Swali hilo aliniuliza jikoni kwetu Dar es Salaam, wiki mbili kabla ya likizo ya Juni, nikiwa nimeinamia karatasi niliyoipiga mistari. Nilikuwa nimepanga tulale mara nane, sehemu tano: Same mjini, Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, kwa bibi yao Mamba, karibu na msitu wa Shengena, halafu tuvuke kwenda Usangi, Pare Kaskazini, kabla ya kurudi. Nikamwambia mara nane. Akahesabu vidole vya mkono mmoja, vikaisha, akanitazama kama niliyemwambia jambo lisilowezekana, akaondoka zake.

Nilibaki na ile karatasi mpaka usiku. Nilikuwa nimeanza na vitu vya kuona, kisha nikatafuta siku za kuvitosha, na ndivyo nilivyofika kwenye siku nane na vitanda vitano. Mwaka juzi tulisafiri hivyo hivyo, Tanga, Pangani na Lushoto ndani ya siku tano. Ninachokikumbuka ni kufunga na kufungua mabegi, na mtoto wa kati aliyepata homa akalala mapajani mwangu njia nzima ya kushuka Lushoto, huku nikimwonyesha maporomoko ya maji ambayo hakuyatazama.

Mdogo wangu anaishi Marekani. Usiku huo nilimpigia simu, kwa kuwa mwaka uliopita yeye aliwapeleka wanawe Orlando, kule Walt Disney World, iliyofunguliwa mwaka 1971 na ambayo sasa ina bustani kubwa nne za michezo katika eneo moja. Nilitaka anieleze alivyoamua idadi ya siku. Akaniambia, "Dada, niliamua vibaya. Tiketi zao zimepangwa kwamba ukinunua siku nyingi, bei ya kila siku inashuka. Nikapiga hesabu ya hela nikaona siku tano zina faida kuliko mbili. Sikupiga hesabu ya watoto." Siku ya tatu, saa nane mchana, binti yake wa miaka minne alilala chini ya benchi kwenye kelele zote zile, na kila walipomwinua alilia. Kesho yake hawakutoka hotelini. Tiketi ya siku hiyo ilikuwa imeshalipiwa, ikapotea, na hakuna aliyeijutia.

Sisi wa Dar es Salaam swali la siku ngapi hatulikuti kwenye bustani za michezo. Kwenye bustani ya maji ya Kunduchi watoto wanaingia asubuhi, jioni wako nyumbani kwao wameshachoka na wamekula. Kwetu siku huanza kuhesabiwa tunapowapeleka watoto mbugani, au kijijini kwa mababu, na wengi wetu tunataka vyote viwili kwa nauli moja. Mimi nilitaka hivyo. Mume wangu ni Mpare wa Mamba, na watoto wetu watatu walikuwa hawajawahi kukaa kwa bibi yao zaidi ya siku moja na nusu, siku moja ya msiba na nusu ya harusi.

Asubuhi mume wangu akampigia mama yake. Nikasikia akimweleza: tutafika Jumanne, tutalala siku mbili, Alhamisi tunaondoka kwenda Usangi. Kukawa kimya. Kisha mama akaomba apewe mimi.

"Mwanangu," akasema, "wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mkija siku mbili mtakuwa wageni wangu. Mimi wageni ninao wa kutosha. Nileteeni wajukuu wakae mpaka siku ya jembe."

Methali hiyo nimeikuta darasa la pili kama walivyoikuta Waswahili wote, na maisha yangu yote nimeielewa kuwa ni ya kumfukuza mgeni kwa adabu. Kwa mama mkwe wangu ilikuwa mwaliko. Nikaifuta Usangi. Nikafuta na Shengena, na kulala ndani ya Mkomazi. Tukabaki na kulala mara sita na vitanda viwili: mara mbili Same mjini, mara nne Mamba.

Siku ya safari siihesabu tena kuwa siku ya likizo, na mtu yeyote mwenye watoto wadogo ningemshauri asiihesabu. Kutoka Dar es Salaam hadi Same ni zaidi ya kilomita 400. Tulifikiria treni ya abiria, ile iliyorudi kwenye reli ya kaskazini Desemba 2019 baada ya miaka mingi ya reli kumea nyasi, lakini siku zake hazikuoana na ruhusa ya mume wangu kazini, tukapanda basi Mbezi Luis alfajiri. Hadi Chalinze walilala. Segera tulinunua machungwa yaliyomenywa, na wa kati akatapika yote kabla ya Korogwe. Dakika za kuchimba dawa zilikuwa chache, foleni ya choo ndefu, na kitindamimba akakataa kabisa kujisaidia mahali asipopafahamu. Baada ya Mombo joto likaingia ndani ya basi, mashamba ya mkonge yakapita mstari kwa mstari, na mkono wa kulia ikaanza milima ya Pare, mirefu, imekaa karibu na barabara kama ukuta. Mume wangu aliwaonyesha: kule juu, nyuma ya mawingu, ndiko kwa bibi. Kifungua mimba, mwenye miaka tisa, alitazama akauliza kwa nini basi halipandi. Hedaru, Makanya, kisha Same, na ule upepo wake unaokupokea mlangoni mwa basi na kukujaza vumbi machoni. Watoto walikula chipsi mayai wakalala na viatu.

Kesho yake ilikuwa siku ya Mkomazi. Hapa ndipo nilipokuwa na hofu zaidi, kwa sababu mbuga ndiyo ilimfanya kifungua mimba akubali kuja. Geti la Zange liko kilomita chache tu kutoka Same mjini, jambo ambalo kwa mwenye watoto lina thamani kubwa: hatukuhitaji kulala porini, wala kuwaamsha usiku wa manane. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa getini na gari la kukodi. Watoto wa chini ya miaka mitano hawalipi, hivyo kitindamimba aliingia bure.

Tukiwa tunangoja kibali, mume wangu aliwaeleza watoto jina la mahali hapo. Kwa Chasu, lugha ya Wapare, mko ni kijiko cha mti na mazi ni maji. Mkomazi ni nchi ya maji ya kujaza kijiko. Ukiingia unaelewa: udongo mwekundu, vichaka vya miiba, mbuyu huku na kule, na milima ya Pare ikiwa imeyazuia mawingu upande wake. Ng'ambo ya kaskazini ni Tsavo ya Kenya, na tembo hawajui mpaka. Hifadhi ina zaidi ya kilomita za mraba 3,200, na ilikuwa pori la akiba tangu enzi za mkoloni kabla ya kupandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Wanyama wake hawajikusanyi mahali pamoja kama wa Ngorongoro. Unawatafuta, na kumtafuta mnyama kwa saa mbili ni kazi ngumu kwa mtoto aliyezoea televisheni inayomletea simba mezani.

Tuliona twiga mapema, kisha pundamilia, kisha choroa wawili wenye pembe zilizonyooka kama mikuki. Kwenye bwawa la Dindira tulikuta nyati, na tembo waliojipaka udongo mwekundu hadi wakafanana na vichuguu. Watoto walipiga kelele, tukawanyamazisha, wakapiga tena. Ilikuwa furaha ya kweli. Ilidumu mpaka saa nne kasorobo.

Ninaujua wakati huo kwa sababu nilitazama saa. Wa kati aliacha kutazama nje akaanza kuivuta kamba ya begi. Kitindamimba alitaka kushuka. Tulipofika mahali panaporuhusiwa kushuka, hakutazama mlima wala bonde. Alichuchumaa njiani. Mdudu mweusi alikuwa anasukuma donge la kinyesi cha tembo, donge kubwa kumzidi yeye, akilisukuma kwa miguu ya nyuma, kichwa chini. Likamponyoka, likabingirika, akalifuata. Likakwama kwenye kijiti. Akalizunguka, akalijaribu upande huu, akalijaribu upande ule. Kitindamimba alikaa pale dakika ishirini, mikono magotini, bila neno. Mwongozaji wetu, kijana mpole, alisimama naye akimkinga jua kwa kivuli chake. Tembo wa kutosha tulikuwa tumewaona. Mtoto wangu alichagua mdudu. Nikaona asubuhi imetosha, na siku imetosha, na Mkomazi imetosha.

Lakini kifungua mimba alikuwa bado na faru wake.

Faru weusi wa Mkomazi waliwahi kumalizwa na majangili. Wa kwanza kurudishwa, wanne, waliletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1997, wengine wakafuata, na mwaka 2016 aliletwa jike aitwaye Eliška kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Czech. Binti yangu alikuwa amesoma habari hizo, na kwake safari nzima ilikuwa Eliška. Wanaishi kwenye eneo lao lenye uzio, mbali na pale tulipokuwa, na kwenda na kurudi kungekula mchana wote. Tukabishana kidogo, mume wangu na mimi, kwa sauti ya chini. Nilichosema nakisimamia mpaka leo: familia haina lazima ya kwenda pamoja kila mahali. Tukarudi mjini. Mimi na wadogo wawili tukabaki kwenye nyumba ya wageni, tukala wali, tukafunga mapazia, wakalala kwa muda wa saa mbili na nusu. Baba na binti wakarudi hifadhini.

Walirudi magharibi wamekuwa wekundu kama tembo. Kama aliyemwona alikuwa Eliška binti hakuambiwa, ila faru alimwona, na mtoto wake ubavuni. Kilichomkaa zaidi ni maelezo ya askari wa hifadhi: faru anayeletwa kutoka mbali hafunguliwi porini siku hiyo hiyo. Anawekwa kwanza kwenye boma dogo, anazoeshwa majani ya huku, harufu za huku, wadudu wa huku, na watu wanamtazama asubuhi na jioni kuona kama anakula. "Mama, anakaa mpaka azoee," aliniambia akiwa ndani ya beseni la kuogea, na maji yalikuwa tope tupu.

Usiku huo, watoto wamelala, tulikaa nje upepo ukipiga mabati. Mume wangu alinikumbusha kwamba Same ni mji unaojua habari za kukaa. Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milima yote ya Upare wakaja hapa, makao makuu ya wilaya, kupinga kodi ya mbiru, ambayo kiwango chake kilikadiriwa kwa mali ya kila mtu. Hawakupiga kelele jioni wakarudi. Waliweka kambi, wiki baada ya wiki, na baadaye wanawake nao wakaingia kwenye mapambano. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyetoka milima hii hii, aliiandikia kitabu. Hatimaye wakoloni wakaiondoa kodi hiyo. "Babu yangu alikuwepo," mume wangu akasema. "Alisema mtu wa siku moja unamwambia njoo kesho. Mtu aliyehamia mlangoni kwako utamwambia nini?"

Siku ya tatu ya safari tulipanda Mamba. Mabunda ya mizigo yalikazwa juu ya gari, likangoja lijae, likajaa, likangoja tena. Njia inapita Kisiwani, mlima kulia, tambarare ya Mkomazi kushoto, halafu inaanza kupanda kwa kona zinazomfanya dereva apige honi kabla ya kuziona. Joto likabaki chini. Tulipofika migomba ilikuwa inadondosha ukungu na mama mkwe amesimama barabarani na khanga mbili mabegani.

Alimkumbatia kitindamimba kwanza. "Mume wangu umefika," akamwambia, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wa kiume. Mume wake akajificha nyuma ya gauni langu.

Nitakuwa mkweli kuhusu siku mbili za kwanza, kwa kuwa ndizo ambazo karatasi yangu ya mwanzo ilikuwa imezitenga, basi. Zilikuwa ngumu. Jioni ya kwanza alichinjwa jogoo, na wajukuu wakakaa kwenye makochi mstari mmoja, mikono mapajani, kama watu waliokuja kuposa. Majirani wakaja kuwatazama. Makande walionja wakayaacha. Mahindi yale makubwa yaliyokobolewa yalikuwa mageni midomoni mwao. Choo cha shimo kilimtisha kitindamimba mpaka nikalazimika kumshika mikono yote miwili huku naimba. Usiku kulikuwa na baridi ya kipupwe ambayo Dar es Salaam hatuijui, tukalala wanne kitanda kimoja.

Siku ya pili ukungu haukuondoka hadi saa sita. Wa kati aliuliza mara saba kama tunarudi leo. Kifungua mimba alitafuta mtandao kwenye kila kona ya uwanja. Nikaanza kujuta. Nikamwambia mume wangu labda kesho tuwapeleke Shengena, angalau waone kitu. Shengena ndicho kilele cha Pare Kusini, zaidi ya mita 2,460, ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Chome. Kuna ndege mdogo anayepatikana kwenye milima hii tu, mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Ningependa kufika huko. Mume wangu akanitazama. "Na huyu wa miaka mitatu atapanda kwa miguu ya nani?" Kwa miguu yangu, bila shaka, mgongoni. Tukaliacha. Nadhani hiyo ndiyo saa ambayo safari nyingi za watoto huharibika: mtoto anaonekana amechoshwa na mahali, mzazi anaingiwa na hofu, anaongeza mahali pengine.

Alfajiri ya siku ya tatu nilisikia mlango wa nje. Nilipochungulia, mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, taa ya sola pembeni, akisugua kijembe kidogo kwa jiwe. Kilikuwa jembe lililolika miaka mingi, likabaki bamba la ukubwa wa kiganja, na alikuwa amelitia mpini mpya, mfupi, ambao bado ulikuwa mweupe na unanukia mti mbichi. Mengine mawili, makubwa kidogo, yalikuwa yameegemea ukuta. Alikuwa ameyaandaa kwa siku ngapi, sikumuuliza.

"Waamshe," akasema. "Leo maji ni ya kwetu."

Wapare wana ndiva. Ni bwawa dogo lililochimbwa kwenye mteremko, kingo zake zimeshindiliwa udongo na mawe, mengine siku hizi yametiwa saruji. Kijito kinachotoka msituni juu kinaelekezwa humo usiku kucha, watu wamelala, maji yanajikusanya. Asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani kwa mfereji, kila nyumba kwa zamu yake. Bila ndiva kijito kile kingefika shambani kikiwa uzi. Kukikusanya usiku mzima ndiko kunakokipa nguvu ya kufika shamba la mwisho. Ndiva zilikuwapo kabla ya Wajerumani, na zamu zake zina wazee wa kuzisimamia, na ugomvi wake, na faini zake.

Tulipanda na tochi. Nilimshika kitindamimba mkono kwa nguvu, kwa sababu kingo zilikuwa na utelezi na maji yamejaa hadi juu, meusi, yametulia. Mzee wa zamu alikuwa ameshafika. Tundu la kutolea maji lilikuwa limezibwa kwa mti mnene uliofungwa magome ya migomba. Watoto walimwamkia mmoja mmoja, shikamoo yao vizuri, naye akaitikia, kisha akamwita kifungua mimba na mdogo wake washike mti pamoja naye. Wakavuta. Haukutoka. Wakavuta tena, visigino vimezama kwenye tope. Ghafla ukachomoka, wakaanguka wote watatu kwa matako, na chini ya kingo maji yakatoka kwa sauti kama ng'ombe anayekoroma, yakaingia mferejini na kukimbia gizani.

"Yafuateni!" bibi akapiga kelele. "Yakifika shamba la watu kabla yenu mtanitia aibu!"

Wakakimbia. Kitindamimba aliuvuta mkono wake mkononi mwangu. Nikashuka mbio nyuma yake. Tulipofika shambani kulikuwa kumepambazuka. Bibi aliwaonyesha: unatoboa ukingo wa mfereji hapa, maji yanaingia tuta hili, tuta likishiba unaziba, unatoboa pale. Kijembe kidogo kilikuwa cha kutoboa na kuziba. Kitindamimba alipewa matuta matano ya tangawizi, yale yaliyo karibu na mfereji. Mara ya kwanza alitoboa pakubwa, maji yakavunja tuta. Bibi hakumgombeza wala hakumfanyia. Alisema, "Ziba, mume wangu, yanatoroka," akaendelea na tuta lake. Mtoto akaziba kwa jembe, kwa mikono, na mwisho kwa kukalia. Akafika tuta la tano. Akanyanyua mikono yenye tope, akahesabu vidole. Vilitosha.

Saa nne, ule ule wakati ambao Mkomazi watoto walikuwa wamekwisha choka, walikuwa wakipiga maharage makavu uwanjani kwa fimbo, maganda yakipasuka na punje kurukia mbali, na wa kati akizisaka moja moja kama kuku. Mchana walikula makande yale yale waliyoyakataa. Kifungua mimba alikula sahani mbili. Hakuna aliyeuliza tunarudi lini. Nililala mchana huo, mimi, mtu mzima, kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Dar es Salaam.

Siku iliyofuata sikuhitajika kabisa. Waliamka wenyewe, wakaenda na watoto wa jirani kuchota maji, wakarudi wanajua majina ya mbuzi. Wa kati alikuwa na maneno sita ya Chasu na aliyasema yote kila alipokutana na mtu. Choo cha shimo kilikuwa kimekoma kuwa habari.

Najua si kila mtu ana bibi Mamba. Najua pia kuwa siku ni pesa, na ruhusa ya kazini haivutiki. Watu wameniuliza tangu turudi, na jibu langu limekuwa hili: ukiwa na watoto wa chini ya miaka saba na una kulala mara tatu tu, chagua Mkomazi au chagua mlima. Mkomazi kwa watoto hao ni asubuhi moja, ukilala Same mjini usiku wa kabla na usiku wa baada. Siku ya pili mbugani ni ya watu wazima, na mkubwa mwenye hamu ya faru anaweza kwenda na mzazi mmoja. Mlimani ni kinyume. Usipande kwa siku mbili. Hata huko Mbaga na kwingine milimani ambako wageni hupokewa kwa malipo, kaa siku tatu nyumba moja, na mwombe mwenyeji awape watoto kazi: kuni, mfereji, kuchambua mchele, chochote chenye mwisho unaoonekana. Chukua masweta. Epuka masika, barabara inateleza. Na ukiwa na siku nane, nakusihi usiziongezee mahali pa tano.

Magari ya kushuka huondoka alfajiri, hivyo siku ya mwisho tuliamka gizani. Mizigo ilikuwa imeongezeka: debe la maharage, mkungu wa ndizi, tangawizi yenye udongo wake. Kitindamimba alitoka na kijembe chake amekikumbatia, na hakutaka kukiachia. Baba yake alimwambia basi halibebi majembe, jambo ambalo si kweli. Midomo ikaanza kutetemeka.

Mama mkwe akachuchumaa mbele yake, akafungua mlango wa stoo na kumulika ndani. Majembe yake yalikuwa yameegemea ukuta, makubwa manne. "Linakaa hapa na wenzake," akasema. "Hakuna wa kulishika."

Mtoto akaingia mwenyewe, akaliweka mwisho wa mstari, akalisogeza liguse lililo jirani. Akalitazama.

"Litalala mara ngapi?"

"Mpaka Desemba, mume wangu," bibi akasema, na honi ya gari ikasikika kutoka barabarani.